Shajara ya mradi: anwani za MAC za kompyuta 18, Nkuhungu, Dodoma

Jumatatu, 4 Agosti 2025: kwa nini tumeanza

Bando la kituo limeisha tena. Tulilinunua tarehe 1, leo ni tarehe 4. Mama msimamizi ameniita ofisini akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hawa wanaokula bando letu ni akina nani?" Sikuwa na jibu. Nenosiri la waifai linajulikana mpaka kijiwe cha bodaboda pale nje, na kila nikilibadilisha linakaa siku mbili ndipo mwanafunzi mmoja anamnong'oneza rafiki yake, basi, limekwisha.

Kituo chenyewe ni chumba kimoja: kompyuta 11 za mezani na laptopu 4, zote zina Windows 10, halafu za mezani 3 zenye Ubuntu. Printa moja, swichi yenye matundu 24 (kifaa kinachounganisha waya za kompyuta zote), ruta moja (kifaa kinachogawa intaneti). Tunataka mambo mawili. La kwanza, ruta itoe intaneti kwa mashine zilizoorodheshwa tu. La pili, printa ipewe IP (namba ambayo kifaa kinapewa kikiwa mtandaoni) isiyobadilika, maana umeme ukikatika na kurudi inaamka na IP nyingine, kompyuta zote zinaanza kuitafuta kama mbuzi aliyepotea.

Yote mawili yanahitaji anwani ya MAC ya kila kifaa. Kwa anayeanza: IP ni kama kiti kwenye daladala, leo umekaa hiki, kesho kile. MAC ni namba ya chasisi. Kadi ya mtandao inatoka nayo kiwandani, tarakimu 12 zilizopangwa mbili mbili, na jozi tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji, ambaye amegawiwa jozi hizo na IEEE, shirika la kimataifa la viwango vya kiufundi. Ni tarakimu za mfumo wa 16, kwa hiyo utaona 0 hadi 9 na A hadi F, hakuna nyingine.

Mpango wa leo: kijana wetu wa kujitolea apite kila mashine na daftari, afungue CMD (dirisha jeusi la Windows la kuandikia amri), aandike

ipconfig /all

kisha anakili anwani. Nilimwonyesha kwenye mashine moja, nikaenda zangu. Kosa la kwanza la mradi ni hilo la kwenda zangu.

Gharama ya leo: daftari 1,500, stika za kuandika namba za kompyuta 2,000.

Jumatano, 6 Agosti: daftari limetudanganya

Mistari 18 imejaa, mwandiko mzuri kabisa. Nikaanza kuiingiza Excel. Mistari miwili ina herufi S, mmoja una O. Herufi hizo hazipo kwenye mfumo huu: S ilikuwa 5, O ilikuwa sifuri. Hayo ni mepesi, yanajitangaza yenyewe. Yanayoumiza ni 8 iliyoandikwa B, maana zote mbili ni halali na huwezi kujua kwa kutazama karatasi.

Lakini kilichonikalisha chini ni kingine. Kompyuta namba 2 hadi 8, mashine saba nzima, zina anwani ileile moja. Tarakimu kwa tarakimu.

Nilimwita kijana. "Umenakili mstari mmoja mara saba?" Akaapa hapana. "Kaka, nimekaa mbele ya kila moja. Njoo uone." Tukakaa pamoja mbele ya namba 5, akaonyesha kwa kidole. Hakuwa anasoma mstari wa "Physical Address". Alikuwa anasoma mstari wa chini zaidi, ulioandikwa "DHCPv6 Client DUID" (kitambulisho ambacho mashine inajitaja nacho inapoomba IP ya aina mpya), kwa kuwa ndio mrefu na una dashi nyingi. Una tarakimu 28. Akaona nafasi niliyomchorea daftarini ni 12, akachukua 12 za mwisho.

Sasa, tusimcheke. Tarakimu 12 za mwisho za DUID ya Windows kwa kawaida ni anwani ya MAC kweli. Windows inapoitengeneza inachukua saa ya wakati ule, inaibandika MAC ya kadi iliyokuwepo, halafu inaitunza na haiibadilishi tena. Kwenye mashine nyingi angepatia. Tatizo ni kwamba fundi aliyetuandalia kompyuta hizi alisakinisha moja, kisha akanakili diski yake kwenda kwenye nyingine sita. Akanakili na DUID humo humo. Kwa hiyo mashine saba zilikuwa zinataja namba ya chasisi ya mashine moja, na kwa sita kati yake huo ni uongo mtupu.

Niligundua na jambo la pili hapo hapo: zote saba zina jina moja la kompyuta. Hilo litanigharimu baadaye, lakini leo sikuliwaza.

Kwa anayefuata nyayo zetu, kama ni lazima utumie ipconfig, punguza maneno kwenye skrini ili jicho lisipotee:

ipconfig /all | findstr /i "Description Physical"

Hapo unabaki na jina la kadi na anwani yake chini yake. Kwenye laptopu utapata mistari minne au zaidi: waya, waifai, Bluetooth, na kadi za bandia zilizoletwa na programu. Kila moja ina anwani yake. Kuipata anwani si kazi, kazi ni kujua ipi kati ya hizo ndiyo inayoongea na ruta yako.

Daftari tumelifunga. Kuanzia sasa mashine ijiandikie yenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti: flashi, na namba zilizotoroka

Nanenane. Kituo kimefungwa, watu wako Nzuguni kwenye maonyesho, na upepo wa Agosti unapuliza vumbi mpaka chini ya mlango. Siku nzuri ya kazi. Babu mlinzi alinifungulia saa mbili asubuhi, akaleta kiti chake mlangoni akakaa kunitazama kama anayetazama mtu akichuna mbuzi.

Amri ya leo ni getmac. Ukiandika getmac tupu inakupa anwani bila kusema ni za kadi ipi, haina maana. Ukiandika

getmac /v /fo list

unapata jina la muunganisho, jina la kadi, anwani, na kama waya umechomoka inakuandikia "Media disconnected". Nikaandika faili la .bat (faili la amri zinazojiendesha zenyewe), nikaliweka kwenye flashi, niwe nachomeka na kubofya mara mbili tu.

Jaribio la kwanza: nilielekeza matokeo E:\mac.txt. Mashine tatu zikaenda vizuri. Ya nne flashi ikaitwa F, ya tano ikaitwa D, matokeo hayakwenda popote. Dawa ni kuandika %~dp0 badala ya herufi ya diski. Maana yake "hapa hapa faili hili lilipo".

Jaribio la pili: kila mashine itangulize jina lake kwa %COMPUTERNAME%. Nilishasahau kwamba saba zina jina moja. Nikapata makundi saba ya anwani chini ya jina lilelile. Basi nikaongeza swali, faili liniulize namba ya stika niliyobandika juu ya mashine:

set /p namba=Namba ya stika:
echo %COMPUTERNAME% %namba%>>"%~dp0mac.txt"
getmac /v /fo list >>"%~dp0mac.txt"

Nikazunguka chumba kizima, mashine 15 za Windows, nusu saa. Nikafungua faili. Kompyuta 10 hadi 15 zina vichwa vyake. Namba 1 ina jina lakini haina namba. Namba 2 hadi 9 hazina kichwa kabisa, anwani zimeelea tu kama nguo kwenye kamba bila mwenyewe.

Hii ilinila saa mbili. Nilishuku flashi, nikanunua nyingine dukani kwa 12,000 kwa hasira. Ikafanya vilevile. Ndipo nikakumbuka kuitazama skrini nyeusi kabla haijajifunga: kwenye namba 7, jina la kompyuta lilikuwa linaandikwa kwenye skrini badala ya kwenda kwenye faili.

Kisa ni hiki. Kwenye CMD, tarakimu moja iliyosimama peke yake na kugusana na alama >> haihesabiwi kuwa maandishi. Inasomwa kuwa namba ya njia ya matokeo: 1 ni matokeo ya kawaida, 2 ni makosa, na kadhalika. Mimi nilipojibu 7, mstari ukawa "7>>", CMD ikaelewa "peleka njia ya saba kwenye faili", na maandishi yenyewe yakamwagika skrini. Nilipojibu 1, ikapeleka njia ya kawaida kwenye faili, yaani jina likaandikwa lakini 1 ikamezwa. Nilipojibu 12, tarakimu ni mbili, kwa hiyo CMD ikaiacha kama maandishi. Ndiyo sababu kuanzia 10 mambo yalikuwa sawa.

Dawa: tanguliza alama mbele ya mstari.

>>"%~dp0mac.txt" echo %COMPUTERNAME% %namba%

Nikazunguka tena. Safari hii vichwa vyote 15 vimekuja. Babu akauliza, "Zimekubali?" Nikamwambia zimekubali. Akarudisha kiti chake getini.

Za Ubuntu sikupata shida. Maelezo mengi ya zamani yanasema uandike ifconfig. Kwenye mashine zetu jibu lilikuwa kwamba amri hiyo haipo. Andika

ip -br link

na utapata jina la kadi, hali yake na anwani, mstari mmoja kwa kila kadi. Ile inayoitwa lo yenye masifuri matupu iache, hiyo ni mashine kujizungumzisha yenyewe. Ubuntu inaandika kwa herufi ndogo na nukta pacha, Windows kwa herufi kubwa na dashi. Ni kitu kilekile, ila ruta yetu inakubali nukta pacha tu, kwa hiyo nilibadilisha dashi zote kwenye Excel kwa mkupuo.

Gharama: flashi isiyohitajika 12,000. Chai na maandazi, mimi na babu, 2,000.

Jumamosi, 9 Agosti: mapacha wa kweli

Nikaiambia Excel ipake rangi anwani zinazojirudia. Mbili zikang'aa: namba 14 na 15, zote laptopu, anwani ileile inayoanza na 00-E0-4C.

Baada ya yale ya Jumatano nilijua nimekosea mimi. Nikasema nimebofya faili mara mbili kwenye mashine moja. Nikaenda 14, nikaandika getmac kwa mkono. Nikaenda 15, nikaandika. Ileile. Nikarudi 14 kusoma tena, kidole kwenye skrini, kwa sauti.

Laptopu hizo mbili hazina tundu la waya wa mtandao. Mwezi wa sita nilizinunulia adapta za USB, mjini, karibu na Jamatini, 15,000 kila moja, na nilijisifu kwa bei hiyo. Jozi 00-E0-4C ni za Realtek. Lakini aliyetengeneza adapta zangu hizi za bei chee hakuona sababu ya kutoa namba mpya kwa kila moja; zote zimetoka na namba ileile. Na hapo ndipo nilipoelewa malalamiko ya mwezi wa saba, kwamba laptopu ya mwisho "inachagua siku". Swichi inakumbuka anwani fulani iko tundu lipi. Mbili zenye anwani moja zikiwashwa pamoja, swichi inahamisha kumbukumbu yake tundu hili, tundu lile, na majibu ya huyu yanapelekwa kwa yule. Mimi nilikuwa nabadilisha waya. Nimebadilisha waya mara tatu, jamani, waya mzima kabisa.

Dukani wangenibadilishia, lakini wangenipa nyingine kutoka boksi lilelile. Kwa hiyo namba 14 nimempa anwani ya kubuni. Kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), fungua kadi hiyo, sehemu ya Advanced, tafuta "Network Address" au neno linalofanana nalo, andika tarakimu 12 bila dashi. Mimi niliandika 020000000014. Ile 2 ya nafasi ya pili si bahati: anwani iliyobuniwa hapa nyumbani inatakiwa tarakimu yake ya pili iwe 2, 6, A au E, ili isigongane na za viwandani. Ni alama nzuri ya kukagua orodha pia. Laptopu namba 13 ilikuwa na kadi ya ziada inayoanza 0A-00-27. Ile A ikanishtua, kumbe ni kadi ya bandia ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Nikaifuta kwenye orodha.

Tahadhari moja: anwani hiyo mpya inakaa kwenye Windows ya laptopu 14, haikai kwenye adapta. Ukihamishia adapta kwenye mashine nyingine inarudi kuwa pacha. Nimeandika kwa kalamu ya wino juu ya adapta: "YA 14 TU".

Kijana nimemwomba radhi kwa kumsingizia Jumatano. Akasema, "Usijali kaka, ila soda ipo?" Ipo. 700.

Jumanne, 12 Agosti: ruta imefungwa

Anwani 18 zimeingizwa, orodha imewashwa saa nne asubuhi. Kompyuta 17 zimepata intaneti. Namba 12, laptopu, imegoma: nimeandikisha anwani ya waya, na yenyewe inatumia waifai. Nimeongeza ya pili. Dakika tano.

Mtandao ukawa mwepesi mpaka dada wa mapokezi akauliza kama tumenunua bando kubwa zaidi.

Alhamisi, 14 Agosti: simu ya mama

Mama msimamizi anataka na simu yake iingie. Haki yake. Nikaiandikisha Jumanne jioni, ikafanya kazi. Jana nikabadilisha jina la waifai, kwa kuwa lile la zamani ni maarufu mno mtaani. Leo asubuhi mama ananipigia: "Mwanangu, umenifungia nje na mimi?"

Kuanzia Android 10, simu kwa kawaida haitoi anwani yake halisi kwa waifai. Inabuni moja kwa kila jina la mtandao na kuitunza kwa jina hilo. Nilipobadilisha jina, simu ikaona mtandao mgeni, ikabuni anwani mpya, na ruta ikamkataa bosi wangu. Dawa ni kufungua mipangilio ya mtandao huo kwenye simu, sehemu ya faragha, na kuchagua simu itumie MAC ya kifaa, kisha kuandikisha hiyo. Nilipoitazama ile ya kubuni, tarakimu ya pili ilikuwa 6. Ningeitazama Jumanne ningejua.

Jumatatu, 18 Agosti: printa

Umeme ulikatika jana usiku, printa imeamka na IP mpya, watu wana kazi za kuchapa. Nilikuwa nimeisahau. Printa haina CMD ya kufungua, kwa hiyo anwani yake unaiuliza kupitia kompyuta nyingine. Bonyeza vitufe vyake mpaka ikuonyeshe IP ya sasa, iite kwa ping, halafu uangalie kwa arp kompyuta imekumbuka anwani zipi za MAC:

ping 192.168.1.37
arp -a

Nilifanya hivyo kwenye laptopu yangu binafsi, nikapata anwani, nikaiandikisha, haikufanya kazi. Kumbe laptopu yangu iko kwenye waifai ya wageni, mtandao wake ni tofauti. Ping ilipitia kwa ruta, na arp inaonyesha majirani wa mtandao wako tu. Mimi nilikuwa nimenakili anwani ya ruta yenyewe. Nikarudia kwenye kompyuta namba 3, mstari wa printa ukatokea mara moja. Sasa IP yake imefungwa. Nilizima umeme kwa makusudi mara mbili, imerudi mahali pake zote mbili.

Jumatano, 20 Agosti: hali ilivyo

Bando tulilonunua tena tarehe 5 bado lipo, limebaki zaidi ya theluthi. Jumla ya matumizi ya mradi ni 18,200, na 12,000 ni ile flashi ya hasira. Mama amehoji mstari huo. Nimemwambia itatumika.

Nenosiri sijaliondoa, na sasa ni refu kuliko zamani. Orodha ya MAC si kufuli la kutegemea peke yake: kama mimi niliweza kuipa adapta namba ninayotaka kwa dakika moja, basi na mwingine anaweza kuvaa namba ya kompyuta yetu. Hii inazuia kujibandika kwa mazoea, haizuii mwizi aliyedhamiria.

Jioni nikifunga, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda alikuja hadi dirishani, kwa heshima zote, kofia ngumu kwapani. "Kaka, nasikia siku hizi mnaandikisha. Na mimi niandike basi." Alikuwa tayari amefungua ukurasa wa anwani ya MAC kwenye simu yake, sijui nani amemfundisha. Nikaitazama. Tarakimu ya pili ilikuwa E.